Joho la Mfamasia na Chungu cha Mifupa

Jumatatu, 12 Januari

Siku kubwa. Bi Léontine Faugère, Mkuu wa Undugu wa Bakuli, amekuja mwenyewe mlangoni, pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Kiti cha marehemu Crozefond, mfamasia wetu, kiko wazi. Jina langu limependekezwa. Hakusema limependekezwa na nani. Nadhani ni historia.

Masharti ni yale yale ya mababu. Jumapili napika chungu cha supu kwa ndugu wote. Wanakunywa, wanabakiza kidogo chini ya bakuli, wanamimina mvinyo mwekundu juu yake. Nasimama, natoa hotuba. Nikimaliza, wote wanainua mabakuli kwa pamoja, wanakunywa mchanganyiko ule mpaka mwisho, kisha wanayapindua juu ya kitambaa cheupe. Tone likidondoka, mgombea arudi nyumbani. Lisipodondoka, avishwe joho.

Joho lile! Rangi ya zabibu, pindo la kijani. Kila mwaka huwatazama ndugu wakipita chini ya dirisha langu nikijifanya namwagilia maua ambayo wakati wa baridi hayapo. Nimeishi Montcabrol maisha yangu yote nikiwa sahihi. Sasa nitakuwa sahihi nikiwa nimevaa joho.

Bi Faugère aliomba kitu kimoja tu, kwamba nisigombane na mtu. Ni mpaka Jumapili, Bwana Vergnolle, alisema, hata watoto wa shule wanaweza. Nikamwahidi kwa moyo mweupe.

Mchana nikaenda bucha kwa Gaspard Roumagnac kununua nyama ya muundi. Dirishani ameweka mitungi ya kioo, maandishi ya mkono: Supu ya Bibi. Nikachukua mtungi mmoja, nikauelekeza kwenye mwanga, nikauinamisha. Kilichomo hakikusogea. Kimeganda!

Nimwache? Ningewezaje? Supu hutoka kwenye nyama, hutiwa chumvi, hunywewa. Msingi hutoka kwenye mifupa, hautiwi chumvi, haunywewi. Juu yake mpishi hujenga michuzi yake, kama fundi anavyojenga ukuta. Mtu hanywi msingi kama ambavyo hali matofali. Niliyasema haya kwa utulivu, nikiwa nimepanda juu ya kreti ili wa nyuma wasikie.

Gaspard akasema watu wanakunywa, mafua yanaisha, wanarudi kununua tena, kwa hiyo mimi, mzee Anselme, nilitaka nini zaidi? Nikamjibu kwamba nataka ukweli kwenye mtungi. Mama mmoja kwenye foleni akasema yeye anataka soseji, na kama ukweli umepangwa mbele yake basi uharakishwe. Watu wakacheka. Nikawaambia historia ya upumbavu imejaa vicheko vya foleni.

Gaspard akafuta kisu chake polepole. Akatangaza mbele ya wote kwamba nyama ya chungu changu hatauza, si leo, si Jumamosi. Wewe ni mtu wa vitabu, akasema, kapike kitabu.

Naye ni mmoja wa ndugu. Ana joho na ana bakuli. Sikuwa nimesahau. Ukweli hauangalii nguo.

Siku nzuri sana kwa jumla.

Jumanne, 13 Januari

Bucha ni moja tu hapa mjini. Mkakati: nimemtuma Bertille, mke wangu. Nilimfundisha vizuri. Aombe muundi na kidari kana kwamba ni hamu yake tu, asitaje supu, asitaje Jumapili, asinitaje mimi.

Amerudi na soseji.

Anasema Gaspard alimuuliza tu anapika nini, naye akamwambia. Bertille ana tabia hiyo. Husema kweli bila maandalizi. Eti Gaspard akamwambia, shemeji, mimi na wewe hatuna neno, nakuonea huruma tu, na wakacheka pamoja mpaka akamwongezea soseji moja. Nilipouliza kicheko kilihusu nini hasa, akasema kilihusu mambo mengi.

Soseji zilikuwa nzuri. Naandika hili kwa ajili ya haki.

Jumatano, 14 Januari

Nimempigia Gaspard simu kwa sauti ya padri. Sauti ya puani, polepole, na neno "mwanangu" kila baada ya sentensi. Nikaagiza muundi mkubwa kwa ajili ya wagonjwa wa parokia, nikasema atakuja mtu kuuchukua.

Gaspard akanisikiliza kwa heshima kubwa. Kisha akasema, subiri, Baba, nikupe Padri uongee naye, yuko hapa mbele yangu anachagua ini.

Nikakata. Uigizaji wenyewe haukuwa na dosari. Padri angekuwa mahali panapomstahili, kanisani, sasa hivi ningekuwa na nyama.

Alasiri nimekutana na Bi Faugère ofisi ya posta. Ameuliza kama mambo yanakwenda kwa amani. Nikasema kwa amani kabisa. Akasema amesikia habari ya kreti. Nikamwambia mji huu unapenda kukuza mambo. Akanitazama kwa namna ambayo naitafsiri kuwa ni matumaini.

Alhamisi, 15 Januari

Soko la Brézignac. Nimetoka asubuhi na basi, kapu mkononi, nimejaa ari. Mama mmoja mnene, kofia ya sufu, kipande cha muundi cha mwisho mezani pake. Chekundu, kina mafuta kidogo pembeni, na mfupa katikati kama pete. Moyo uliruka.

Akauliza, baba, ni kwa ajili ya supu au ya msingi? Nikafurahi, nikidhani nimempata mtu wa elimu. Halafu akaongeza: basi, yote si maji ya nyama tu!

Ningeweza kulipa na kuondoka. Bertille anasema hivyo, kwamba ningeweza. Lakini mtu mwenye elimu anaposikia kosa akanyamaza, kosa linakuwa lake. Nikaweka kapu chini. Nikaanza na nyama na mifupa. Nikaja kwenye chumvi. Mama akasema, sawa baba, umesema kweli, unachukua au huchukui? Nikamwambia kwanza tumalize hoja ya tatu, ya muda wa kuchemsha, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea.

Nilipomaliza hoja ya tatu muundi haukuwepo. Alikuwa ameuchukua bwana mmoja mwenye mbwa, aliyepitisha mkono chini ya kwapa langu. Nikamuuliza mama kwa nini ameuza. Akasema, baba, yule alisema neno moja tu: nipe.

Tathmini: hoja zote tatu nimeshinda. Mama mwenyewe amekiri kwa kinywa chake. Nyama sina.

Ndani ya basi, wazo. Bwana yule mbwa wake alikuwa ametulia, macho kwenye mfupa. Mbwa!

Ijumaa, 16 Januari

Nimemlaza Gaspard chali. Nimeingia bucha kichwa juu, nikasema sikuja kwa nyama, nyama yake abaki nayo. Nimekuja kuomba mifupa ya mbwa wangu.

Akauliza tangu lini nina mbwa. Nikasema tangu jana. Anaitwaje? Hapo akili ilipita mahali pabaya, kwa sababu wiki nzima nawaza kiti kimoja tu. Nikasema anaitwa Crozefond.

Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Nikaeleza kwamba ni kwa heshima ya marehemu, ambaye alikuwa mtu mwaminifu na mwenye masikio makubwa.

Gaspard akaweka kisu chini. Akaingia nyuma, akarudi na sanduku zima. Makongoro ya ndama, magoti, viungo vyote vinavyonata, vimesafishwa mpaka vinang'aa, hakuna hata uzi mmoja wa nyama. Akanisaidia kulibeba mpaka mlangoni. Akasema, msalimie mbwa, mwambie Jumapili tutakuja na njaa.

Hakushuku kitu.

Jioni nilikaa jikoni nikatafakari kwa uaminifu, kwa sababu mimi si mtu wa kujidanganya. Mifupa hutoa msingi. Nimelisema hili kwa miaka, nimelisema juu ya kreti, nimelisema Brézignac. Je, naweza kuwapa ndugu msingi nikauita supu?

Jibu lilikuja wakati Bertille anamenya viazi. Gaspard akichemsha mifupa na kuiita supu, anafanya hivyo kwa ujinga, na huo ni utapeli. Mimi nikifanya hivyo, nafanya nikiijua vizuri tofauti. Hayo ni maendeleo.

Nilimsomea Bertille hoja hii. Aliacha kumenya. Akauliza kama nimeisikia mwenyewe. Nikamwambia nimeisikia na ni nzuri.

Jumamosi, 17 Januari

Siku ya kazi. Mifupa imeokwa mpaka ikawa rangi ya kahawia. Chungu kikubwa cha mama mkwe kimetoka stoo. Karoti, liki, kitunguu kilichochomwa karafuu. Moto mdogo. Nimekaa na kijiko nikiondoa povu kama mtu anayehariri kazi ya mwenzake, bila huruma.

Mchana harufu imejaa nyumba. Nimempa Bertille aonje. Akameza, akafikiri, akasema inamkumbusha sahani safi. Nikamwomba afafanue. Akasema, haina chumvi, Anselme.

Bila shaka haina chumvi! Msingi hautiwi chumvi. Nilimweleza. Akasema lakini kesho itaitwa supu. Nikasema itaitwa. Basi itie chumvi, akasema. Nikamwambia hapo ndipo ningekuwa nimevunja kanuni.

Akaweka kopo la chumvi karibu na jiko. Nikaliondoa. Akalirudisha. Nikalificha ndani ya kiatu changu cha mvua.

Nimekubali jambo moja, kwamba ladha ilihitaji nguvu. Kwa hiyo nimeongeza moto na kuacha maji yapungue. Yamepungua sana. Alasiri upawa umesimama wenyewe katikati ya chungu bila mtu kuushika. Bertille akauliza kesho wale watu wanakunywa au wanapaka milango. Mimi nimeuona upawa ule na nimeguswa. Ulisimama kama mtu aliyesikia wimbo wa taifa.

Jumapili, 18 Januari

USHINDI.

Naandika kwa mpangilio ingawa mistari inapanda na kushuka. Kwanza kwa furaha, pili kwa baridi, kwa maana kipasha joto cha ukumbi wa parokia kimeharibika. Ndugu walikaa na majoho yao juu ya makoti yao. Chupa za mvinyo zilikuwa zimelala barazani tangu jana, zimeota barafu.

Nikagawa chungu mwenyewe. Kilikuwa cha moto na kilimwagika polepole, kwa hadhi. Wakaanza kunywa. Ukimya ukashuka, ukimya ambao mimi niliuona kuwa wa heshima. Kisha Gaspard akaomba chumvi. Jirani yake akasema ukimaliza nipe. Kopo la chumvi likaizunguka meza kama kapu la sadaka, na hakuna aliyeacha kutoa. Nikageuza uso.

Wakabakiza kidogo chini. Wakamimina mvinyo. Nikasimama.

Sitasema hotuba ilikuwa ndefu. Ilikuwa kamili. Tofauti kati ya supu na msingi haijawahi kufunuliwa hivyo katika wilaya hii. Mzee Ferréol, ndugu mkongwe kuliko wote, alifumba macho ili anifuate vizuri zaidi, na alinifuata kwa sauti mpaka akaguswa ubavuni. Nilipofika mahali pa kueleza kwamba msingi, tofauti na supu, ukipata baridi huganda, nikapiga meza kwa ngumi kusisitiza. Mvinyo haukuyumba ndani ya bakuli hata moja. Nilifurahi kuona usikivu wa namna hiyo.

Hatimaye nikasema, ndugu, kunyweni.

Wakainua mabakuli kwa pamoja. Wakarudisha vichwa nyuma. Wakasubiri. Wakaendelea kusubiri. Mzee Ferréol akagonga kitako cha bakuli lake kwa vidole. Kutoka chini ya bakuli jingine, sauti ya Gaspard: Mama Mkuu, mimi mvinyo wangu hauji.

Mtu akacheka. Bi Faugère akateremsha bakuli lake, akachungulia, akaligusa kwa kidole. Akauliza kwa upole ni kitu gani hiki. Nikaona mlango wa joho unaanza kufungwa mbele ya uso wangu. Nikaona maua yangu yasiyokuwepo, na mimi dirishani nikiyamwagilia mpaka kufa.

Nikasema kwa sauti kubwa: pindueni!

Wakapindua, kwa mazoea zaidi kuliko kwa utii. Mabakuli yote, midomo chini, juu ya kitambaa cheupe. Tukangoja. Hakuna tone. Kitambaa kilibaki kama kilivyotoka kabatini.

Gaspard akaruka. Akasema hicho si kinywaji, hiyo ni gundi ya seremala, na kama gundi inampa mtu joho basi fundi wake wa milango alipaswa kuwa Mkuu zamani. Nikaomba katiba isomwe. Bi Faugère akavaa miwani, akasoma: bakuli lipinduliwe, lisidondoshe tone. Akageuza ukurasa kutafuta kama kuna zaidi. Hakuna. Nikauliza, wapi imeandikwa kwamba lazima kitu kiwe kimenywewa? Wapi? Naomba nionyeshwe mstari!

Gaspard akasema, Mama Mkuu, huyu mtu ametufungia bakuli kama anapiga lipu. Nami nikasema, na tone je, umeliona?

Bi Faugère akakitazama kipasha joto. Akatazama saa. Akasema, mvisheni, mimi miguu yangu siisikii tena.

Nimevishwa. Nimevishwa! Sikulia. Baridi ndiyo iliyoyatoa machozi.

Baadaye Gaspard akaleta mitungi yake kutoka bucha, akaipasha moto, kwa sababu watu walikuwa na njaa. Wakaipigania. Nilikunywa mabakuli mawili kwa ajili ya uchunguzi. Matokeo: ni msingi wa mifupa uliotiwa chumvi ukajifanya supu. Utapeli mtupu. Nikanywa la tatu ili kuwa na uhakika.

Jumatatu, 19 Januari

Ndugu mpya hupewa cheo cha Mtunza Mabakuli. Kazi yake ni kuyaosha. Gaspard alidhani ataniaibisha aliponiletea yote mlangoni kwa toroli. Hajui siasa. Anayeyashika mabakuli ndiye anayeushika Undugu.

Kilichomo kilitoka kizima, kwa umbo la bakuli, chekundu, kinatetemeka. Bertille amevipanga vipande hivyo vyote kwenye kizingiti cha dirisha na watu wamesimama kutazama. Mmoja ameuliza ni mapambo ya nini.

Marehemu Crozefond alikuwa mfupi. Joho linaniishia magotini. Linanipa wepesi wa kutembea. Nimelivaa kwenda kununua mkate, kisha kurudisha mkate mmoja, kisha kununua mwingine.

Jumanne, 20 Januari

Sikulala usingizi mzito. Asubuhi, nikinyoa ndevu, nimegundua kasoro ya kutisha ndani ya katiba yetu.

Inasema tone tu! Haisemi kunywa. Maana yake mlaghai yeyote anaweza kuchemsha makongoro mpaka yawe gundi, akayamwaga ndani ya bakuli, akawaongelesha ndugu mpaka yagande, na akatoka na joho. Nilishusha wembe. Mlango uko wazi kabisa. Nani ajuaye ni wangapi wameshapenya?

Kama ndugu, sasa nina haki ya kuleta hoja. Nimeiandika kabla ya chai. Inadai chungu cha kila mgombea kikaguliwe, na kikikutwa mifupa bila nyama, mgombea afukuzwe. Inadai ndugu wameze kwanza ndipo wapindue. Na inadai, kwa sababu mimi si mtu wa kufanya kazi nusu, kwamba sheria irudi nyuma: yeyote aliyewahi kuingia kwa hila ya namna hiyo avuliwe joho mbele ya wote, bila kujali jina lake wala elimu yake.

Nimempelekea Bi Faugère. Ameisoma, ameisoma tena, ameuliza kama nina uhakika na sehemu ya wale ambao tayari wako ndani. Nikamwambia hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Akasema hoja inahitaji mtu wa pili wa kuiunga mkono. Nikasema nitampata, hata kama itabidi nigombane na mji mzima.

Haikubidi. Gaspard! Gaspard Roumagnac mwenyewe alitoka nje ya bucha na aproni yake, akasaini kabla sijamaliza kueleza. Akanikumbatia. Akaniambia, ndugu yangu Anselme, hii ni hoja bora kuliko zote ulizowahi kutoa, halafu akaingia ndani na kunitolea muundi mkubwa, mwekundu, umefungwa vizuri, zawadi. Kwa hiyo hata yeye hatimaye ameuona ukweli. Tumepatana.

Nimemsomea Bertille hoja yote kwa sauti. Amekaa chini, amefunika uso kwa aproni, mabega yanatikisika. Sikujua kama mambo ya katiba yanamgusa kiasi hicho.

Kura ni Jumapili. Nina hakika itapita kwa kauli moja. Gaspard amekuja tena jioni kunikumbusha nisiache kuja na joho.